Mdogo Anapozaliwa: Zawadi na Nafasi ya Mtoto Mkubwa

Kijitabu hiki kimetayarishwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Uingereza, ambazo zinatarajia mtoto mpya huku tayari zikiwa na mtoto au watoto wengine nyumbani. Kinaeleza jinsi zawadi, hata ile ndogo isiyo na gharama, inavyoweza kumsaidia mtoto mkubwa kumpokea mdogo wake. Kinaeleza pia mambo ambayo zawadi peke yake haiwezi kuyafanya.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtoto mchanga ni mgeni anayepokewa kwa shangwe, na nyumba nzima humsubiri kwa miezi mingi. Lakini mwenyeji mdogo kuliko wote, yaani kaka au dada yake, mara nyingi huona kinyume cha methali hiyo: mgeni amefika, na yeye ndiye aliyepungukiwa. Ametolewa mapajani mwa mama, anaambiwa anyamaze ili mwenziwe alale, na kila anayebisha hodi hodi huuliza, "Mtoto yuko wapi?" bila kumwona yeye aliyesimama mlangoni. Zawadi inayotolewa kwa busara humwambia mtoto huyo kwamba ujio wa mdogo wake una heri kwake pia.

Kwa nini mtoto mkubwa hubadilika

Mtoto wa miaka 2 au 3 hana maneno ya kueleza kwamba anahofia kupoteza mapenzi ya wazazi wake. Huyaeleza hayo kwa vitendo. Aliyekwisha kuacha nepi huanza kujikojolea tena. Aliyekuwa akila mwenyewe hutaka kulishwa. Aliyeacha ziwa zamani huomba kunyonya, au hunyonya kidole na kusema kitoto. Mtoto wa miaka 6 au 7 anaweza kulalamika kuumwa na tumbo asubuhi ya shule, kugombana na wenzake, au kukaa kimya. Wengine huwa wapole kupita kiasi, na kwa kuwa hawasumbui mtu, huzuni yao haionekani.

Mabadiliko haya si utovu wa adabu, wala si dalili ya roho mbaya. Ni swali ambalo mtoto hajui kuliuliza: je, nafasi yangu bado ipo? Kwa watoto walio wengi hali hii hutulia kadiri wanavyopata jibu la swali hilo siku baada ya siku.

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, swali hilo hujibiwa na watu wengi. Bibi humchukua mtoto mkubwa akalale kwake, shangazi humwogesha, watoto wa jirani humvuta uani kucheza, na mzazi hukaa siku zake 40 akihudumiwa. Katika nyumba ya vyumba viwili iliyo ghorofani, mbali na jamaa, kazi hiyo yote huwaangukia watu wawili, na pengine mmoja. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 au zaidi kwa kila saa 24, na kila mara mtoto mkubwa huona mapaja ya mama yameshachukuliwa. Ndiyo sababu jambo hili lina uzito zaidi kwa familia zilizo ugenini: yale yaliyokuwa yakifanywa na ukoo mzima bila kuagizwa, hayana budi kupangwa mapema na watu wachache.

Kabla ya kujifungua

Mtoto aelezwe kwa maneno mepesi kwamba ndani ya tumbo la mama yumo mdogo wake. Aliye chini ya miaka 3 hawezi kuhesabu miezi, hivyo ni afadhali kumfungamanishia tarehe na jambo analolijua: "Mdogo wako atakuja baada ya Idi," au "baada ya sikukuu yako ya kuzaliwa." Ni vyema pia kumwambia ukweli kwamba mtoto mchanga hulala, hunyonya na kulia, na kwamba hataweza kucheza naye mara moja. Mtoto aliyeahidiwa mwenzi wa kucheza mpira hufadhaika akiletewa kiumbe asiyeweza hata kuinua shingo.

Jambo la pili ni kumwandalia mahali pa kukaa wakati mama atakapokuwa hospitalini. Familia isiyo na ndugu karibu iamue mapema ni rafiki au jirani gani atamchukua mtoto, na mtoto aizoee nyumba hiyo kabla ya siku yenyewe, ikiwezekana alale huko hata usiku mmoja. Mtoto anayeamshwa usiku wa manane na kuachwa kwa mtu asiyemjua atakumbuka kwamba mdogo wake alikuja pamoja na hofu. Vilevile, kama ni lazima kumhamisha kitanda au kumwanzisha shule ya chekechea, jambo hilo lifanywe miezi kadhaa kabla, au liahirishwe, ili asidhani kwamba amefukuzwa kwa ajili ya mwingine.

Jambo la tatu ni zawadi. Inafaa inunuliwe au itengenezwe mapema na kufichwa, kwa kuwa katika siku za kujifungua hakuna atakayepata nafasi ya kwenda dukani. Mtoto mkubwa naye apewe fursa ya kumchagulia mdogo wake kitu: kofia, blanketi dogo, au picha aliyoichora mwenyewe. Mtoto anayetoa hujiona kuwa mwenyeji, wala si mtu aliyenyang'anywa.

Siku ya kuonana

Mara ya kwanza watoto hawa wanapoonana, ni vizuri mikono ya mama iwe mitupu. Mtoto mchanga awe kitandani mwake au mikononi mwa mtu mwingine, ili mama aweze kumkumbatia mtoto mkubwa kwanza na kumsikiliza. Baada ya hapo ndipo wamtazame mgeni pamoja. Kama mtoto mkubwa hataki kumtazama wala kumgusa, asilazimishwe. Hospitali hutofautiana katika taratibu za kuwaruhusu watoto kuingia wodini, kwa hiyo familia imuulize mkunga mapema.

Huo ndio wakati mwafaka wa kutoa zawadi. Baadhi ya wazazi humwambia mtoto kwamba imetoka kwa mdogo wake. Mtoto wa miaka 2 au 3 hulipokea hilo kwa furaha kama sehemu ya mchezo. Wazazi wengine hawapendi kumwambia mtoto jambo lisilo la kweli, na wana haki; isitoshe, mtoto wa miaka 6 atauliza mdogo wake amekwenda duka gani. Si lazima kutumia maneno hayo. Yatosha kusema: "Leo umekuwa kaka. Mama na baba tumekupa zawadi hii kwa sababu siku hii ni yako pia." Maneno hayo ni ya kweli, na yataendelea kuwa ya kweli hata baada ya zawadi yenyewe kuchakaa.

Zawadi ipi inafaa

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Thamani ya zawadi hii haimo katika bei yake. Kitu cha bei kubwa kinachoachwa pembeni baada ya siku mbili hakimfai mtoto kama kitu kidogo kinachomrudishia wakati na wazazi wake.

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, mwanasesere wa kitambaa na kipande cha khanga cha kumfungia vinatosha. Mama anapomwogesha au kumbadilisha nepi mtoto mchanga, mtoto mkubwa naye humhudumia wake, na wote wawili huwa katika kazi moja. Zawadi hii huwafaa wavulana sawasawa na wasichana.

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, zawadi yenye manufaa makubwa ni kisanduku cha wakati wa kunyonyesha. Sanduku tupu la viatu hupambwa na kuwekwa ndani yake kalamu za rangi, karatasi, kitabu cha picha na kichezeo kimoja au viwili. Kisanduku hicho hutolewa tu mama anapokaa kunyonyesha, na hurudishwa juu ya kabati anapomaliza. Kwa njia hiyo saa ambayo mtoto mkubwa alikuwa akinyang'anywa mama hugeuka kuwa saa anayoisubiri. Vitu vilivyomo vibadilishwe mara kwa mara. Kujiunga na maktaba ya mtaa ni bure, na vitabu vya watoto huazimwa humo bila malipo.

Kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, yafaa zawadi inayotambua ukubwa wake: daftari la kuandika na kuchora habari za mdogo wake, albamu ya picha zake mwenyewe alipokuwa mchanga, au ahadi iliyoandikwa ya kutoka na baba siku ya Jumamosi. Albamu ina faida ya pekee, kwani humwonyesha kwamba naye alibebwa, alilia usiku na aliamshiwa watu vivyo hivyo.

Kabla ya kununua kichezeo chochote, mzazi akumbuke kwamba sasa kuna watoto wawili nyumbani, na kinachomfaa mmoja chaweza kumdhuru mwingine:

- Vichezeo vyenye alama ya onyo kwa walio chini ya miaka 3 vina sehemu ndogo zinazoweza kumpalia mtoto. Viwekwe mbali na mtoto mchanga.
- Betri ndogo za duara, mfano wa kifungo, ni hatari kubwa. Zikimezwa zaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache. Hupatikana katika vichezeo vya bei rahisi, taa ndogo, rimoti na kadi za pongezi zinazoimba. Mtoto akishukiwa kumeza betri, apelekwe hospitalini mara moja katika kitengo cha dharura, au ipigwe simu namba 999. Asitapishwe, wala asipewe chakula au kinywaji, wala isisubiriwe dalili.
- Sumaku ndogo na maputo yasiyojazwa upewe vilevile yasifikiwe na watoto wadogo.

Wageni na zawadi zao

Kwenda kumtazama mzazi ni desturi njema, na wageni hawaji mikono mitupu. Huleta nguo, khanga, sabuni na pesa za kumshikisha mtoto. Iwe ni akika ya siku ya 7, ubatizo, au ziara za kawaida, mtoto mkubwa huketi akitazama mifuko inayofunguliwa, na hakuna hata mmoja wenye jina lake.

Haifai kuwaomba wageni gharama ya ziada, lakini yafaa kuwaomba neno. Baba au jamaa wa karibu anaweza kuwatumia ujumbe mapema: "Karibuni sana. Tunaomba mkifika muanze kumsalimia kaka mtu." Kisha mtoto mkubwa apewe kazi ya heshima, kama vile kuwapeleka wageni alipolala mdogo wake, kuwatajia jina lake, au kufungua zawadi kwa niaba yake. Mzazi aweza pia kuweka akiba ya zawadi ndogo ndogo, ili siku ya wageni wengi mtoto mkubwa naye apate cha kufungua. Jamaa wanaopiga simu ya video kutoka Mombasa, Unguja, Bujumbura au Maskati nao waombwe kumwita kwanza yeye.

Utani wa wakubwa uangaliwe. Maneno kama "Sasa kitumbua chako kimeingia mchanga," au "Mama si wako tena," husemwa kwa kicheko, lakini mtoto mdogo huyachukua kama habari ya kweli. Mzazi aliyeyasikia ayakanushe pale pale, kwa upole na mbele ya mtoto: "Mama ni wake, na ataendelea kuwa wake."

Kisa cha Nabii Yusufu na ndugu zake, kinachojulikana na Waislamu na Wakristo sawasawa, chakumbusha kwamba wivu wa ndugu ni wa tangu zamani, na kwamba watoto huupima upendo wa wazazi kwa macho. Uadilifu si lazima uwe usawa wa idadi au wa bei. Ni kila mtoto kujua kwamba amekumbukwa.

Zawadi isiyonunuliwa

Zawadi kubwa kuliko zote ni muda. Dakika 10 au 15 kila siku, kwa saa inayojulikana, mtoto mkubwa akiwa na mzazi mmoja peke yake bila simu mkononi, humtuliza kuliko kichezeo chochote. Muda huo uwe na jina, kwa mfano "saa yetu," na usifutwe kama adhabu. Baba ana nafasi kubwa hapa: kumpeleka mtoto bustanini, kumsomea kabla ya kulala, au kumbeba mchanga ili mama abaki na mkubwa. Wakati mwingine ni vizuri mtoto mkubwa asikie mchanga akiambiwa, "Ngoja kidogo, sasa ni zamu ya dada yako," kwa kuwa yeye huambiwa "ngoja" mara nyingi kwa siku.

Kusaidia kazi humpa mtoto fahari. Aweza kuleta nepi, kuchagua nguo, au kumwimbia mdogo wake. Hata hivyo, nafasi ya heshima isigeuke mzigo. Binti wa miaka 9 ni dada, si yaya, na masomo na michezo yake visikatizwe. Kadhalika mtoto anayejua Kiingereza kuliko wazazi wake asifanywe mkalimani kwa mkunga au kwa daktari. Yapo mambo ya mwili wa mama na ya hofu za wazazi ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa na huduma za afya za NHS bila malipo. Inatosha kumwomba wakati wa kupanga miadi.

Zawadi isigeuzwe hongo

Zawadi ya kumpokea mdogo hutolewa mara moja, bila masharti. Mzazi anayesema "Usipolia nitakununulia," kila mtoto mkubwa anapochukia, humfundisha kwamba huzuni yake ina bei. Na mzazi anayeirudisha zawadi kabatini kwa sababu mtoto amemfinya mdogo wake humthibitishia kile alichokuwa akikihofia, kwamba nafasi yake yaweza kuondolewa.

Mtoto akimpiga au kumuuma mchanga, mkono wake ushikwe kwa utulivu, mchanga aondolewe, kisha aambiwe kwa maneno machache: "Sikuruhusu umpige. Najua umekasirika. Ukikasirika, njoo uniambie." Asipigwe, asiaibishwe, wala asiitwe mbaya. Kwa upande mwingine, wema wake utajwe anapoufanya: "Umemletea nepi, umenisaidia." Sifa ya jambo moja mahususi hukaa moyoni kuliko sifa ya jumla.

Usalama wa mtoto mchanga

Mapenzi ya mtoto mdogo huweza kudhuru kama hasira zake, kwa kuwa hajui nguvu zake.

- Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mchanga hata kwa muda mfupi. Akitaka kumpakata, aketi sakafuni au katikati ya kochi, mtu mzima akiwa ubavuni.
- Mchanga alazwe chali, katika kitanda chake kilicho tambarare, ndani ya chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya mwanzo, usiku na mchana. Mito, wanasesere na blanketi nene visiwekwe humo. Mwanasesere ambaye mtoto mkubwa amempa mdogo wake awekwe mahali pa kuonekana nje ya kitanda, na mtoto aelezwe sababu.
- Mtoto aliyefundishwa kugawa atataka kugawa biskuti au karanga zake. Aelezwe kwamba mdogo wake bado hali chakula, na amgawie tabasamu.
- Asali asipewe kabisa mtoto aliye chini ya miezi 12, hata ya kuonjeshwa ulimini, kwa kuwa yaweza kuwa na bakteria wanaosababisha ugonjwa mkali. Familia inayokusudia kufanya tahniki kwa tende izungumze na mkunga kwanza.

Wakati wa kuomba msaada

Uingereza, mhudumu wa afya anayetembelea familia huja nyumbani mtoto mchanga akiwa na umri wa siku 10 hadi 14. Huja kwa ajili ya nyumba nzima, si kwa ajili ya kupima uzito tu, na huduma yake haina malipo. Mzazi amweleze bila haya kuhusu mtoto mkubwa ikiwa hali yake haitulii, ikiwa halali wala hali vizuri kwa wiki kadhaa, ikiwa anaendelea kumwumiza mdogo wake, au ikiwa amejitenga na watu. Mwalimu wake wa shule pia aarifiwe kwamba nyumbani pamezaliwa mtoto.

Mama naye asisahauliwe. Kulialia na kuchoka moyo katika wiki ya kwanza huwapata wanawake wengi, na kwa kawaida hupita. Huzuni ikizidi wiki 2, au ikianza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, yaweza kuwa sonona, ugonjwa unaotibika. Akina baba nao huweza kuupata. Kumwona daktari wa familia kwa sababu hii si aibu, wala si upungufu wa imani. Ushauri wa afya usio wa dharura hupatikana kwa simu namba 111 saa zote. Penye hatari ya maisha, kama mtu anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, ipigwe namba 999. Katika simu zote mbili mkalimani anaweza kuombwa kwa kutaja neno "Swahili".

Zawadi ya siku ya kwanza itachakaa, na pengine itapotea kabla mtoto mchanga hajaanza kutambaa. Kitakachobaki kwa mtoto mkubwa ni kumbukumbu ya kwamba, siku nyumba ilipojaa wageni, kuna mtu aliyeinama akamsalimia yeye kwanza.